Kanuni ya Archimedes kwa Mzamiaji: Kubadili Ujazo au Kubadili Uzito?

Mtahiniwa anayeikariri Kanuni ya Archimedes bila kukosea neno anaweza bado kushindwa swali linaloanza na "Tathmini". Mada hii ni ya kujizoeza swali la namna hiyo. Sisi wa Mabwerebwere tuko mbali na bahari, lakini ndoo ya maji na chupa tupu vinatosha kuielewa.

Kanuni yenyewe: kitu kilichozama chote au sehemu yake katika kioevu hupata msukumo wa juu ulio sawa na uzito wa kioevu kilichohamishwa. Uzito ukizidi msukumo, kitu hushuka. Msukumo ukizidi, hupanda. Vikilingana, kitu husimama pale pale majini. Hali hii ya tatu ndiyo anayoitafuta mzamiaji anayekwenda kutazama matumbawe katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Akishuka ovyo atayavunja matumbawe. Akipanda kwa kasi huku amebana pumzi, hewa itatanuka na kuchana mapafu yake, na hapo anaweza kufa.

Njia ya zamani: kubadili ujazo

Mzamiaji huvaa jaketi la kuelea. Akitaka kuongeza msukumo wa juu hulijaza hewa kutoka kwenye mtungi, na akitaka kuupunguza huitoa. Tatizo ni kwamba hewa hubanika. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza kanieneo kwa takriban angahewa 1.

*Mfano.* Mzamiaji amesimama bila kupanda wala kushuka kwenye kina cha mita 10, jaketi likiwa na lita 6 za hewa. Densiti ya maji ya bahari ni 1030 kg/m³ na g = 10 N/kg. Nini kitatokea (a) akishuka hadi mita 20, (b) akipanda hadi mita 5, bila kugusa jaketi?

Tumia Kanuni ya Boyle. Kwenye mita 10 kanieneo ni angahewa 2, kwa hiyo zao la kanieneo na ujazo ni 2 × 6 = 12.

(a) Mita 20: angahewa 3. Ujazo = 12 ÷ 3 = lita 4. Zimepotea lita 2. Msukumo uliopotea = 0.002 × 1030 × 10 = 20.6 N. Atazidi kushuka.

(b) Mita 5: angahewa 1.5. Ujazo = 12 ÷ 1.5 = lita 8. Zimeongezeka lita 2, yaani 20.6 N kwenda juu. Atazidi kupanda.

Linganisha majibu hayo kabla ya kufungua ukurasa. Kushuka mita 10 kumebadilisha lita 2, na kupanda mita 5 tu kumebadilisha lita 2 zile zile. Akifika juu kabisa jaketi litakuwa na lita 12. Hatari kubwa ya kurushwa juu iko karibu na uso wa maji, mahali ambapo wengi hudhani ni salama.

Kuna jambo la pili. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi angahewa 200 una hewa ya takriban lita 2400 kwa kanieneo ya kawaida. Akibakiza angahewa 50, ametumia lita 1800. Lita 1 ya hewa ina takriban gramu 1.2, hivyo mtungi umepungua kilo 2.16. Ndiyo maana huanza safari akiwa na risasi za ziada kiunoni, kisha hutia hewa kwenye jaketi ili kuzibeba.

Njia mpya: kubadili uzito

Katika mfumo mpya, kama ule uitwao Avelo, mtungi umegawanywa ndani: upande mmoja hewa, upande mwingine maji. Pampu ya betri huingiza maji ya bahari kadiri hewa inavyotumika. Katika mfano wetu, takriban lita 2.1 za maji hurudisha zile kilo 2.16. Kuyatoa ni kufungua vali tu, kwa kuwa hewa ya ndani ina kanieneo kubwa kuliko maji ya nje. Mtungi ni mgumu, ujazo wake wa nje haubadiliki, kwa hiyo kina hakimsumbui mzamiaji kama hapo awali. Nyambizi pia huingiza na kutoa maji ili kubadili uzito.

Sasa pima. Suti nene ya mpira wenye vipovu, inayovaliwa kwenye bahari baridi, nayo hubanika, na mtungi mgumu hauzuii hilo. Bahari yetu ni ya joto na suti ni nyembamba, hivyo mfumo huu ungefaa zaidi Mafia kuliko Uingereza. Lakini betri ikiisha katikati ya safari, maji hayaingii tena, mtungi unazidi kuwa mwepesi na mzamiaji anaanza kuvutwa juu. Jaketi linaweza kujazwa hata kwa mdomo, tena humshikilia mtu juu ya maji akisubiri mashua. Kwa anayekodisha vifaa kisiwani, mbali na fundi, mimi ningechagua jaketi. Kwa mtafiti anayepima matumbawe saa nzima bila kuyagusa, ningechagua mtungi wa maji. Unaweza kutokubaliana nami na bado ukapata alama zote, mradi hoja yako isimame juu ya uzito, ujazo na kanieneo.

Viumbe nao wamegawanyika. Perege ana kifuko cha hewa, kinachobanika. Silikanti, samaki wa kale anayepatikana pwani ya Tanga, ana kiungo kilichojaa mafuta, ambayo karibu hayabaniki kabisa.

Jaribio. Jaza maji chupa ya plastiki hadi shingoni. Ziba tundu la kifuniko cha kalamu, bandika udongo wa mfinyanzi kwenye ukingo wake hadi kielee kwa shida kikiwa na hewa ndani, kitumbukize mdomo ukiangalia chini, kisha funga chupa. Minya chupa: kifuniko kitashuka. Achia: kitapanda.

Maswali

1. Eleza kwa nini kifuniko kilishuka ulipominya chupa.

2. Mzamiaji mwenye ujazo wa lita 100 pamoja na vifaa vyake amesimama bila kupanda wala kushuka baharini. Akienda na vifaa hivyo hivyo Ziwa Tanganyika (densiti 1000 kg/m³), apunguze kilo ngapi za risasi? Puuza ujazo wa risasi.

3. Betri ya mfumo mpya imeisha kwenye kina cha mita 15, mtungi ukiwa na nusu ya hewa. Tathmini hatua mbili anazoweza kuchukua mzamiaji.

*Jibu la 2:* kilo 3.