SINDANO MOJA, MTU MMOJA

Watu wa Mara wamepamba masikio yao tangu zamani. Wakurya wa Tarime walijulikana kwa ndewe kubwa. Sikio lilitogwa, kisha likapanuliwa kidogo kidogo, mpaka tundu likaweza kubeba pambo zito. Siku hizi hapa Murangi tundu ni dogo tu, la kutosha hereni. Anayetoga ni bibi nyumbani, au jirani mwenye mkono mwepesi, au fundi wa saluni, au kijana aliyetandaza hereni zake gulioni.

Somo hili halisemi kwamba kutoga ni vibaya. Hereni ni pambo zuri. Somo hili linahusu sindano.

Ngozi ni ukuta wa mwili. Sindano ikipita, ukuta umetoboka. Damu hubaki kwenye sindano hata kama macho hayaioni. Fundi akimtoga mtoto wa kwanza, akaipangusa sindano kwa kitambaa, akamtoga wa pili, basi huyo wa pili amepewa damu ya mwenzake.

Damu hiyo inaweza kuwa na ugonjwa. Ukimwi tunaufahamu. Wagonjwa wa kwanza nchini mwetu walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Lakini upo ugonjwa mwingine wa damu ambao hausemwi sana. Ni homa ya ini aina ya B. Virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka. Fikiri juu ya gulio la kila wiki. Sindano yenye damu ya gulio lililopita bado inaweza kuambukiza katika gulio la leo.

Mtu mzima akipata homa ya ini aina ya B, mara nyingi hupona. Mtoto mchanga ni tofauti. Kwake, mara nyingi virusi hubaki mwilini. Anakua, anacheza, anakwenda shule, na hakuna dalili. Baada ya miaka mingi ini linaweza kuharibika au kupata saratani. Chanjo ipo. Tangu mwaka 2002 imo katika chanjo za watoto Tanzania. Mtoto huchomwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo hizo hukinga pia pepopunda. Kwa hiyo mama asiwe na haraka ya kumtoga mtoto. Amalize kwanza chanjo zote tatu. Watu wazima waliozaliwa kabla ya mwaka 2002, ndio sisi wengi wa darasa hili, hawakupata chanjo hiyo ya ini utotoni.

Pepopunda haitoki katika damu ya mtu. Mbegu zake zimo katika udongo na samadi. Huingia kwa sindano chafu, au kwa kijiti cha ufagio kinachochomekwa ili tundu lisizibe. Kwa sababu hiyo kijiti cha ufagio hakifai kabisa.

Sasa tusome mazungumzo haya. Mama amempeleka binti yake kwa fundi.

– Shikamoo, mama.
– Marahaba, mwanangu. Sindano hiyo ni mpya?
– Nimeichoma kwa kibiriti, mama. Imekufa vijidudu.
– Kibiriti kimeacha masizi tu. Nimekuja na yangu kutoka duka la dawa. Ifungue hapa nikiona.
– Mama, mbona huniamini?
– Nakuamini, mwanangu. Sindano ndiyo siiamini. Nawa mikono kwa sabuni kwanza, halafu utoge.

Mama huyu hakumtukana fundi, wala hakuogopa kuuliza. Sindano mpya iliyofungwa haina bei kubwa.

Wengine huuliza: je, tukichemsha? Kuchemsha kwa dakika 20 huua virusi vya ukimwi na vya homa ya ini. Lakini mbegu za pepopunda huweza kuvumilia maji yanayochemka. Maji ya sufuria hayapiti nyuzi 100 za joto. Hospitali hutumia chombo kilichofungwa imara, na mvuke wake hufika nyuzi 121. Fundi wa gulioni hana chombo hicho. Mjini wengine hutumia kidude cha plastiki kama bastola. Kinapendeza macho, lakini plastiki yake huyeyuka katika mvuke huo, kwa hiyo hakiwezi kusafishwa vizuri. Sindano mpya ni bora.

Baada ya kutoga, sikio ni kidonda. Chemsha maji, yapoe yawe vuguvugu. Tia chumvi robo ya kijiko cha chai katika kikombe kimoja. Osha sikio mara mbili kwa siku, kwa mikono safi. Usipake majivu, wala samadi, wala mafuta ya taa. Mtoto asiogelee ziwani mpaka apone. Ndewe hupona kwa wiki 6 hadi 8. Sehemu ngumu ya juu ya sikio huchukua miezi mingi, na ikioza huharibika umbo. Ni heri kuiacha. Sikio likivimba na kutoa usaha, au mtoto akipata homa, nenda kituo cha afya. Taya likikaza, usingoje hata saa moja.

Je, nani atahakikisha fundi anafuata haya? Afisa afya ana madaraka ya kukagua, lakini yeye ni mmoja na vijiji ni vingi. Mwaka 1982 Bunge la Uingereza lilizipa halmashauri za huko uwezo wa kuwaandikisha watoga masikio na kutunga sheria ndogo za usafi wao. Mwaka huo huo, Sheria Na. 7 ya 1982 iliipa halmashauri ya kijiji cha Tanzania uwezo wa kutunga sheria ndogo zake. Wazo hupelekwa kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi wanaweza kusema. Kisha halmashauri ya kijiji huandika, na halmashauri ya wilaya huidhinisha.

Basi kijiji kinaweza kuandika hivi: "Mtu yeyote anayetoga masikio kwa malipo atatumia sindano mpya kwa kila mtu, na ataifungua mbele ya mteja." Maneno hayo machache yanatosha kuanzia. Juu ya faini, watu wafikiri vizuri. Ikiwa kubwa mno, mafundi watajificha majumbani na hakuna atakayewakagua.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Katika kijiji chetu nani hutoga masikio? Sindano zake huzitupa wapi?
2. Kwa nini gulio la kila wiki ni hatari ikiwa sindano ni moja?
3. Bibi anayetoga wajukuu bila malipo, je, sheria ndogo imhusu?
4. Mkutano mkuu ujao wa kijiji ni lini? Nani kati yetu atasimama kusema?