Somo la 27: Mkate wa Mboga

Kiangazi kimefika. Mvua imekatika, njia zimekauka. Siku ya Alhamisi wanafunzi wa darasa la nne na la tano watatembea kwa miguu mpaka kando ya Ziwa Kivu, karibu na Bukavu. Kila mmoja atabeba chakula chake cha saa sita.

Furaha yumo katika darasa la tano, ndugu yake Bahati katika la nne. Furaha akauliza: «Mama, tubebe nini? Ugali ukipoa unakuwa mgumu, na mchuzi utamwagika njiani.»

Mama akajibu: «Tutafanya mkate wa mboga mbichi.»

Furaha akanyamaza. Alikumbuka majira ya mvua. Bahati aling'oa karoti kando ya kijito, akaipangusa kwa kaptula yake, akaila. Usiku uleule alianza kuhara na kutapika. Kulipopambazuka macho yake yalikuwa yamezama, wala hakuweza kusimama. Baba alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Akalazwa siku nne.

«Mama, si mboga mbichi zilizomwuguza Bahati?»

«Si karoti, mwanangu. Ni uchafu uliokuwa juu yake. Tukiutoa uchafu, mboga zitatufaa.»

Jioni ya Jumatano Mama aliteleka sufuria ya maji. Yalipobubujika sana, Bahati alihesabu polepole mpaka sitini. Kisha Mama aliyafunika yapoe mpaka asubuhi. Sehemu moja waliitia katika chupa ya kunywa. Iliyobaki ilikuwa ya kuoshea mboga.

Asubuhi wote watatu walinawa mikono kwa sabuni. Juu ya meza palikuwa na mkate mmoja mrefu, avoka moja iliyoiva, nyanya mbili, karoti moja, majani manne ya saladi, nusu ya limau na chumvi kidogo. Kazi ilikwenda hivi:

1. Furaha aliosha saladi jani moja moja, mbele na nyuma, kwa sababu udongo hujificha katika mikunjo. Akayakausha kwa kitambaa safi.
2. Bahati aliosha karoti, akaimenya, akaiosha tena. Mama akaikata vipande vyembamba sana.
3. Furaha aliosha nyanya, akazikata, akatoa mbegu na maji yake. Maji ya nyanya hulowesha mkate.
4. Mama aliosha avoka kabla ya kuikata, maana kisu hupeleka uchafu wa ganda ndani. Akaiponda kwa uma pamoja na maji ya limau. Limau huzuia avoka isigeuke nyeusi upesi.
5. Mama alipasua mkate kwa urefu, akaupaka avoka pande zote mbili. Mafuta ya avoka huzuia maji yasiingie katika mkate. Akapanga saladi, karoti na nyanya. Chumvi ilikuja mwisho, kwa sababu chumvi huvuta maji ya mboga.

Mama akapitisha jani la mgomba juu ya moto mpaka likalainika. Akalipangusa, akaukata mkate vipande viwili, akavifunga vizuri.

Saa sita wanafunzi waliketi kivulini kando ya ziwa. Mapendo, rafiki wa Bahati, alikuwa na karoti tatu tu alizonunua njiani. Alishuka kuziosha ziwani.

«Usizile, Mapendo!» Bahati akapaza sauti.

«Kwa nini? Tazama, maji yanang'aa.»

«Hata maji ya kijito yalikuwa yanang'aa. Nililala hospitali siku nne.»

Mapendo alizitazama karoti zake, akazirudisha mfukoni. Mama yake atazipika jioni. Bahati akakata kipande chake katikati, akampa nusu.

TUJIFUNZE

Vijidudu vya magonjwa ni vidogo mno, macho hayavioni. Mwaka 1854 daktari Filippo Pacini wa Italia aliviona vijidudu vya kipindupindu kwa hadubini. Maji yanayochemka sana huua vijidudu hivyo. Kuosha mboga hupunguza vijidudu, kumenya hupunguza zaidi, kupika huviua. Karoti huupa mwili vitamini A, inayolinda macho. Nyanya na limau huupa vitamini C.

MANENO

kuteleka: kuweka chungu au sufuria motoni
hadubini: chombo cha kutazamia vitu vidogo sana

MAULIZO

1. Kwa nini Furaha alinyamaza Mama alipotaja mboga mbichi?
2. Bahati alihesabu mpaka ngapi, na kwa sababu gani?
3. Kwa nini avoka huoshwa ingawa ganda lake haliliwi?
4. Maji ya ziwa yalikuwa yanang'aa. Je, yalikuwa safi? Eleza.

ZOEZI

Andika kwa mpango, katika sentensi sita, namna ya kutengeneza mkate wa mboga kwa mboga zinazopatikana kwenu.