Kusoma Utabiri wa Upepo Katika Nyanda za Kati

Mwananchi wa Dodoma anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa ya kila siku anapaswa kutambua kwanza kuwa kasi ya upepo inayotajwa humo mara nyingi ni ile ya pwani, kwa manufaa ya wavuvi na mabaharia. Yeye anaishi zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Namba ile si ya paa lake. Atafute utabiri unaohusu mkoa au mji wake, kisha aangalie kipimo kilichotumika. Kumi ya kilometa kwa saa ni upepo mwanana. Kumi ya mita kwa sekunde ni kilometa 36 kwa saa. Marubani na mabaharia wana kipimo chao, noti, na noti moja ni takriban kilometa 1.85 kwa saa.

Kasi inayotangazwa ni wastani. Kwa utaratibu wa kimataifa, upepo hupimwa mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi, na wastani huchukuliwa kwa dakika 10. Ndani ya dakika hizo upepo hupungua na kuongezeka, na msukumo wa ghafla wa sekunde chache waweza kuuzidi wastani kwa mbali. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia, kwa sababu nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikizidishwa mara mbili, nguvu huzidishwa mara nne. Bati la mita 3 likishikwa wima kuukabili upepo wa kilometa 20 kwa saa husukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 4. Msukumo wa kilometa 40 ukija, ni kama kilo 16, na fundi yuko juu ya kenchi akiwa na mkono mmoja tu ulio huru. Kwa hiyo, utabiri unaotoa namba mbili usomwe kwa namba kubwa. Ukitoa moja tu, mwenye nyumba asiichukulie kuwa ndiyo kikomo.

Kwa kawaida upepo hutulia alfajiri na kuchangamka jua linapoipasha ardhi joto, wakati ambao chamchela nazo huanza kuzunguka viwanjani. Kupandisha mabati asubuhi na mapema ni busara ya mafundi wa siku nyingi, na sayansi inawaunga mkono.

Asiye na kipimo atazame miti. Majani na vijiti vikitikisika bila kukoma, kasi ni kati ya kilometa 12 na 19 kwa saa. Vumbi na karatasi zikipeperuka, ni 20 hadi 28. Matawi makubwa yakiyumba na mwavuli ukawa mgumu kushika, imefika 39 na kuendelea. Kazi ya paa isimame.

Mwelekeo hutajwa kwa upande ambako upepo unatoka. Upepo wa mashariki, ulio wa kawaida Dodoma, huelekea magharibi. Mkulima wa zabibu anayenyunyizia dawa ajue basi kuwa nyumba au kisima kilicho magharibi mwa shamba ndicho kitakachofikiwa na matone. Katika simu, mshale huonyesha mara nyingi upepo unakoelekea, huku maandishi yakitaja unakotoka. Wengi huchanganyikiwa hapo.

Msimu wa mvua unapoanza, mwishoni mwa Novemba na Desemba, mwelekeo waweza kugeuka kwa dakika chache. Hewa baridi hushuka kutoka katika wingu la radi, ikagonga ardhi na kutawanyika mbele ya mvua. Utabiri wa jana hauwezi kutaja saa wala mtaa utakaopigwa. Wingu jeusi likionekana na ubaridi ukaja ghafla, teremka kenchini, funga mabati yaliyolegea kwa kamba na uyawekee uzito, kisha ingia ndani ya jengo imara. Usisimame chini ya mti.