Kiraka Kinataka Moto na Wakati

Ndugu wanafunzi, kwanza nakiri kosa langu. Jumamosi nilitumwa na baiskeli ya shule kwenye barabara ya Kisangani, mpira wa ndani ukatoboka. Fundi wa njiani akaweka kiraka kibichi, akakibana chini ya pistoni ya zamani, akatia petroli kidogo ndani yake, akawasha. Mimi nikasema: "Baba, fungua, nakawia!" Akajibu: "Ngoya, mwana, haiyaiva." Nikakaza. Mbele kidogo kiraka kikabanduka kama ganda la ndizi. Mimi ninayeandika majina ya wachelewaji, nikaingia usiku nikisukuma baiskeli.

Nini haikuiva? Mpira mbichi ni nyuzi ndefu sana za isopreni, zinateleza moja juu ya ingine. Ni hivyo pia katika utomvu wa kamba za pori, ule wazee wetu walilazimishwa kukusanya wakati wa Léopold II (1885–1908). Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aliona kwamba kiberiti (kile cha Sodoma, si cha kuwashia sigara) pamoja na moto kinaimarisha mpira. Kumbe kinafunga nyuzi hizo kwa madaraja. Kiisha haziteleze tena.

Lakini madaraja yanajengwa polepole. Sehemu 8 za kiberiti kwa 100 za mpira, kwa digrii 140, zilitaka saa 5 hivi. Ukiongeza oksidi ya zinki, saa 3. Ukitia nusu sehemu tu ya dawa ya kuharakisha, dakika chache! Dawa haiongeze moto. Inafungua njia nyepesi zaidi. Na moto wenyewe: kila digrii 10 zikipanda, mwendo unakuwa karibu mara mbili. Mwanzoni karibu hakuna daraja, halafu yanakuja kwa wingi. Hapo ndipo nilimwambia fundi afungue. Ukipita kiasi nayo ni mubaya: madaraja yanavunjika, mpira unalegea.

Viwandani wanafunga nyuzi vilevile katika punje za kusafishia maji: matone ya stireni na divinilibenzeni yanakorogwa ndani ya maji ya moto. Kila tone ni chungu chake, na maji yanachukua joto lisizidi.

Wa darasa la tano, jaribuni: kiraka kinaiva kwa dakika 5 katika digrii 150. Katika 120 kitataka dakika ngapi? Mwenye kujibu 20 arudie hesabu.