Farasi wa Mraba e6

Tarehe 11 Mei 1997, mjini New York, bingwa wa sataranji Garry Kasparov aliikabili kompyuta iliyoitwa Deep Blue katika mchezo wa 6, uliokuwa wa mwisho. Kila upande ulikuwa na pointi 2.5. Kasparov, mwenye kete nyeusi, alichagua ufunguzi wa Caro-Kann, unaochukua majina ya wachezaji wawili walioufanyia uchunguzi mwaka 1886.

Katika ufunguzi huu askari mweusi hutangulia c6 ili amsaidie mwenzake atakayesimama d5. (Herufi huonyesha safu ya wima, tarakimu huhesabu safu za mlalo kutoka upande mweupe.) Ni kinga tulivu, lakini utaratibu wa hatua zake hauna mzaha. Farasi mweupe alipokuwa g5, desturi katika hatua ya 7 ilikuwa kumtoa kwanza askofu mweusi wa f8 hadi d6, ili mfalme apate pa kukimbilia. Kasparov alimsogeza askari wa h7 hadi h6 kumfukuza farasi, akaiacha g6 ikilindwa na askari wa f7 pekee.

Farasi hakurudi. Alimla askari wa e6, akajitoa kafara. Kasparov alileta malkia e7, kisha akamla farasi. Ndipo askofu mweupe akatua g6 na kumtishia mfalme, naye akahamia d8. Aupangaye ubao ataiona hatari: askofu wa f8 amezibwa na malkia wake mwenyewe, hana hata hatua moja, mfalme amebakiwa na c7 tu, nayo ikafungwa mara askofu mweupe wa pili alipofika f4. Malkia mweusi aliliwa katika hatua ya 18. Baada ya hatua ya 19 Kasparov alikubali kushindwa, 3.5 kwa 2.5.

Deep Blue iliweza kuchunguza takriban mikao milioni 200 kwa sekunde. Msomaji atadhani kafara ile ilikuwa tunda la hesabu hizo. Sivyo. Hatua hiyo ya 8 ilikuwa imekwisha kuwekwa katika kumbukumbu ya mashine, ndani ya mkusanyo wa hatua za ufunguzi uliotayarishwa na mabingwa wa sataranji, miongoni mwao Joel Benjamin wa Marekani. Mashine iliisoma tu. Binadamu ndio walioifikiri.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi mkao wa baada ya hatua ya 10, wautafutie upande mweusi njia ya kumfungulia askofu wa f8.