Kompyuta ya Kikundi Inapodai Windows Mpya

Baadhi ya vikundi sasa vinaweka hesabu zao kwa kompyuta. Somo la leo ni juu ya shida moja inayosumbua makatibu: kompyuta kutaka kubadilishiwa ile programu kuu inayoiendesha. Someni pamoja kwa sauti, kisha mjadiliane.

KISA CHA KUANZIA

Ni Desemba, siku ya kugawana akiba. Wanachama 25 wamefika. Saa mbili asubuhi katibu anawasha kompyuta ili achapishe orodha ya hisa na mikopo. Mashine inaandika kwamba inasasishwa, isizimwe. Saa nne imefika asilimia 30. Stima inapotea. Inaporudi, mashine inaanza upya. Saa nane inafunguka, lakini printa haijulikani tena na orodha haionekani mahali pake. Mama mmoja aliyetegemea pesa hizo kwa karo anarudi nyumbani mikono mitupu. Njiani watu wananong'ona: "Ati kompyuta imekula pesa! Muulizeni mweka hazina."

Hapo hakuna shilingi iliyoibwa. Kilichopotea ni uaminifu, na huo haununuliwi dukani.

KUONA: Shida yenyewe ni gani?

Kompyuta ni kama matatu. Chuma peke yake hakiendi, lazima kuwe na dereva. Windows ndiye dereva. Programu za kuandika barua na kupiga hesabu ni abiria tu. Ukibadilisha dereva, safari nzima inaguswa.

Kampuni ya Microsoft, inayotengeneza Windows, huziba matundu ya usalama kwa miaka kadhaa, kisha huacha. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haifi siku hiyo. Inaendelea kuwaka na kufanya kazi. Lakini matundu mapya hayazibwi tena kama kawaida, na wezi wa mitandaoni wanayatafuta hayo.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali kila mashine. Inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, nafasi ya gigabaiti 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kompyuta nyingi za msaada au zilizonunuliwa zikiwa zimetumika hazifikishi. Kwa hiyo katibu akikuambia mashine imekataa, si kwamba hajui kazi yake.

KUAMUA: Tukatae au tukubali?

Kuna hatari pande zote mbili. Mei 2017 virusi viitwavyo WannaCry vilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai pesa. Dawa yake ilikuwa imetolewa Machi mwaka huo huo. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa wameiweka. Basi kukataa kila badiliko si akili.

Lakini tarehe 19 Julai 2024, programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike ilisasishwa kwa kosa, na kompyuta kama milioni 8.5 zikagoma. Ndege zikachelewa, hospitali na benki zikakwama. Basi kukubali bila kujitayarisha si akili pia.

Bwana Yesu alipozungumza juu ya divai mpya na viriba vikuukuu (Mathayo 9:17), wasikilizaji wake walielewa mara moja: angalia chombo kabla ya kumimina. Nasi tuna njia hizi:

(a) Mashine ikitosha, kutoka Windows 10 hadi 11 ni bure. Msidanganywe kulipia Windows yenyewe. Mnachomlipa fundi ni kazi yake.

(b) Mashine isipotosha, Microsoft ilitangaza mwaka mmoja zaidi wa ulinzi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kompyuta za watu binafsi zilizojiandikisha. Hiyo ni nafasi ya kuweka akiba, si ya kulala.

(c) Kuna Linux Mint na Ubuntu, ambazo ni bure na hufanya kazi kwa mashine nyingi za zamani. Mnaweza kuijaribu kwa flashi kabla ya kufuta chochote. Orodha zenu zitafunguka kwa programu ya LibreOffice, nayo ni bure. Ila katibu atahitaji siku za kujifunza.

Njia ya nne ni mbaya: Windows ya wizi inayouzwa rahisi mitaani. Mara nyingi huja na virusi ndani.

KUTENDA: Hatua kabla, wakati na baada

1. Fanyeni nakala mbili za mafaili yote, moja kwa flashi, nyingine kwa diski ya nje. Moja isikae ofisini. Zifungueni kwa kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka.

2. Chapisheni orodha ya hisa na mikopo, mweka hazina na mwenyekiti waitie sahihi. Daftari la mkono msilitupe kamwe.

3. Andikeni maneno ya siri, pamoja na ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker. Tieni katika bahasha iliyofungwa, ikae ndani ya sanduku la kikundi lenye kufuli tatu.

4. Chagueni siku isiyo ya mkutano wala ya kugawana. Betri ya laptopu ijae, na bando litoshe, kwani mzigo wenyewe ni gigabaiti kadhaa. Windows inaruhusu kusimamisha usasishaji kwa muda na kupanga saa za kazi. Katibu afundishwe hivyo.

5. Fundi aandike bei kwanza, na afanye kazi mbele ya wanakamati wawili. Asiondoke na diski yenye namba za vitambulisho na simu za wanachama. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka habari hizo zilindwe.

6. Kazi ikiisha, jaribuni printa, fungueni orodha, na mlinganishe jumla na ile ya karatasi. Andikeni matokeo katika kitabu cha mikutano. Nakala za zamani zisifutwe mpaka mikutano miwili ipite salama.

MASWALI YA KUJADILI

- Katika kisa chetu, mweka hazina angejitetea kwa kitu gani?
- Kompyuta yetu ikigoma kesho, tunaweza kulipa kila mwanachama haki yake kwa karatasi tulizo nazo?
- Ni nani, mbali na katibu, anayejua kuifungua?
- Tutenge kiasi gani kila mwezi kwa ajili ya mashine mpya?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, katibu alete nakala mbili na orodha iliyochapishwa, wanachama wazione kwa macho yao. Kila mmoja atafute jina lake na jumla yake.