Haradali-saumu: ing'oe kabla haijazaa

Wewe unayeishi mashariki mwa Marekani au kusini mwa Canada, na nyuma ya nyumba yako pana miti, ikifika Aprili nenda ukachungulie chini yake. Ukiona mmea wenye majani ya pembetatu, kingo za meno-meno na vishada vya maua madogo meupe yenye petali nne, chuma jani ulifikiche. Likinuka kitunguu saumu, basi ndiyo yenyewe: Alliaria petiolata, jamaa ya haradali.

Asili yake ni Ulaya na sehemu za Asia. Marekani ilirekodiwa mara ya kwanza mwaka 1868, Long Island, New York, na yaelekea walowezi waliipeleka kwa mboga na dawa. Huko ugenini wadudu wa kuiandama ni wachache, kulungu hawaipendi, na mizizi yake hutoa kemikali zinazodhuru kuvu ambao miche ya miti huwategemea.

Huishi miaka miwili. Wa kwanza hutandaza majani ya mviringo chini, mabichi hata wakati wa baridi. Wa pili hurefuka, huchanua, huzaa na kufa. Huo wa pili ndio wa kuuwahi, Aprili na Mei, kabla mbegu hazijakomaa.

Subiri mvua ilainishe udongo. Shika shina chini kabisa, pale linapoingia ardhini, uvute taratibu. Mzizi umepinda kama herufi S karibu na shingo. Ukivuta kwa pupa hukatikia hapo, na kisiki kikachipua tena. Ukishang'oa, shindilia udongo kwa mguu na urudishie majani makavu, maana udongo uliotifuliwa huziamsha mbegu zilizolala.

Usiuache chini wala usiutie kwenye mboji: uliokwisha kuchanua unaweza kukomaza mbegu hata baada ya kung'olewa. Tia kwenye mfuko wa plastiki, funga, halafu uliza halmashauri ya mtaa wako taka za namna hiyo zinapelekwa wapi.

Wengi huvamia kwanza pale palipojaa. Mimi naona ni kujichosha bure. Anzia pembeni, kwenye mche mmoja mmoja, kwa sababu mmea huu hujichavusha wenyewe na mmoja tu unatosha kuzaa kundi zima. Palipokithiri, fyeka usawa wa ardhi maua yakiwa yamefunguka vizuri. Ukifyeka mapema mno utachipua.

Majani machanga yanaliwa, machungu kiasi, ila usichume palipopigwa dawa ya magugu.

Mbegu huweza kukaa udongoni miaka 5 au zaidi zikiwa hai, kwa hiyo pitia eneo lilelile kila mwaka. Na kabla hujatoka msituni, kwangua tope kwenye soli za viatu vyako na umpanguse mbwa miguu. Mbegu husafiri hapo.